Rudia Kidogo, Mami

Kama ulifunga ndoa Nakuru miaka ile ya kabla ya vurugu, na ukitazama mkanda wa arusi yako huoni mahali popote ulipojikwaa, ulipopiga chafya au ulipomwagia bwana arusi soda kwenye shati, usijisifu bure. Mshukuru Peterson Muturi. Ulijikwaa, tena vibaya. Ila Peterson aliinua mkono akasema, "Rudia kidogo, dada," nawe ukarudi mlangoni mwa kanisa, ukashika maua yako upya, ukashuka ngazi kwa madaha ambayo hukuzaliwa nayo. Naye akarudisha mkanda nyuma na kurekodi juu ya ule mwendo wa kwanza, na kujikwaa kwako kukawa hakujawahi kutokea.

Mjini walimwita Rudia, na jina likamkaa. Alifanya kazi katika studio ya Ketan karibu na soko, studio iliyofunguliwa na Mzee Kanji, babake Ketan, enzi za picha zisizo na rangi. Ketan alikuwa na maneno mengi na subira kidogo, lakini kwa Peterson hakuwa na la kusema, maana wateja walitoka Rongai na Gilgil wakimtaka Peterson kwa jina. Si kwamba aliijua kamera kuliko wenzake. Aliijua aibu. Alijua mtu angependa kujiona vipi atakapokuwa mzee.

Mimi nadhani ugonjwa huo aliupata kwa mamake. Mama huyo, Wangare, alilima viazi upande wa Sachangwan maisha yake yote na akafa kabla Peterson hajashika kamera. Picha iliyobaki ni moja tu, ile ya kitambulisho, na humo mwanamke amefumba macho nusu, mdomo umelegea, utadhani ameamshwa usingizini. Mwanamke aliyesifiwa kwa sura kijiji kizima! Serikali ilimpiga picha mara moja ikaita mwingine, na hakuna aliyemwambia arudie. Peterson aliitunza picha hiyo ndani ya Biblia, na kila alipofungua ukurasa ule alikasirika upya.

Basi alipomwoa Wanjugu na Mungu akawapa binti, jina halikuwa la kujadiliwa. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza ni wa nyanyake mzaa baba, kwa hiyo mtoto akawa Wangare. Lakini Peterson hakumwita hivyo. Alimwita Mami, kwa heshima kabisa, kama mtu amwitavyo aliyemzaa, na yule mtoto tangu alipojua kuongea alimjibu kwa sauti nzito ya kikongwe, "Sema, kijana yangu," watu wakavunjika mbavu.

Alipokaribia miaka mitano, Wangare alianza kuinama kwa namna yake. Kijiko kikianguka, hakuupinda mgongo. Alikunja magoti taratibu, mkono mmoja juu ya paja, mgongo umenyooka kama ubao, akaokota, kisha akajiinua kwa kulisukuma lile paja. Shangazi yake alipomwona akifanya hivyo siku ya Pasaka, alipiga ngemi, vigelegele vya Kikuyu, nyumba nzima ikatoka nje kuuliza kuna nini.

"Hebu mwangalieni! Si huyu ni mathe mwenyewe? Si hivi ndio alikuwa anaokota viazi shambani?"

Na ni kweli. Marehemu alikuwa na mgongo mbovu miaka na miaka, watu wakasema ni mizigo, na aliinama vivyo hivyo, mkono pajani. Walifurahi mno siku hiyo. Walimwangushia mtoto vijiko na vifuniko makusudi ili wamwone nyanyake akirudi, naye kwa kuwa alipenda kuchekwa, aliokota vyote. Peterson alienda nyuma ya nyumba akatokwa na machozi ya furaha, mjinga wa watu.

Nasema mjinga, lakini nani kati yetu angewaza vingine? Mtoto amepewa jina la mtu. Akianza kutembea kama mtu huyo, hilo si la kupeleka hospitali, ni la kumshukuru Mungu. Wanjugu naye alicheka pamoja nao. Ila yeye ndiye aliyelala karibu na mtoto, na ndiye aliyesikia akiguna akijigeuza kitandani, na asubuhi akisema mgongo unamuuma. Akamkanda kwa mafuta, akanyamaza.

Katikati ya mwaka huo wa 2007 akaingia studio mwanamke mmoja kutoka Nairobi, jina lake Nasimiyu. Alikuwa fizio, yaani mtaalamu wa viungo, na alikuwa amebeba laptopu kifuani kama watu wanavyobeba mtoto mchanga. Alieleza kwamba kuna mradi wa kuwapima watoto wa nasari kwa kompyuta. Mtoto anabandikwa stika nyeupe kiunoni, magotini na kwenye vifundo vya miguu, kisha anarekodiwa akiokota mpira, akisimama kwa mguu mmoja, akiruka kamba. Kompyuta inazifuata zile stika, inapima kila kiungo kinavyokunjika, na mtoto mwenye kasoro anajulikana hata kabla mamake hajashuku. Anapelekwa hospitali mapema. Watoto wengi wa huku, alisema, huletwa wakati hakuna la kufanya tena.

"Nataka mtu wa kamera mwenye mkono imetulia," alimwambia Ketan.

"Basi chukua huyu," Ketan akajibu. "Lakini chunga, atakufanyia hao watoto wote waonekane ni kama wako arusi."

Walicheka wote watatu. Nasimiyu ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Sikiza, Peterson. Hii kazi haina kurudia. Mtoto akianguka, hiyo ndio natafuta. Akikataa, akilia, wacha alie kwa kamera. Kompyuta inataka makosa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, daktari."

Na alielewa, msidhani hakuelewa. Kule Rongai, shule ya kwanza waliyoenda, alifanya alivyoambiwa, ingawa roho ilimuuma. Kulikuwa na kivulana kimoja kilichokuwa kikianguka kila kilipojaribu kuruka, na Peterson akasimama nyuma ya kamera amefunga midomo, mikono inawasha, akaacha mkanda uende. Nasimiyu alimpiga bega akamwambia amefanya vizuri. Baadaye akasikia kuwa yule mtoto ameitwa Nairobi na dawa yake imejulikana. Alimsimulia Wanjugu habari hiyo kwa majivuno, kama kwamba yeye ndiye aliyemtibu.

Kisha ikafika zamu ya nasari ya Wangare, pale mtaani kwao Free Area. Nasimiyu alikaa darasani akiwabandika watoto stika na kuwaandika majina, na akawa anawatuma uwanjani mmoja mmoja kwa Peterson, ambaye kufikia wakati huo aliyajua maagizo yote kwa moyo. Watoto walikuja, wakaokota, wakaruka, wakarudi. Halafu akaja Wangare na sketi yake ya bluu, stika zinang'aa magotini, amechangamka kwa kuwa aliyeshika kamera ni babake.

"Okota mpira, Mami."

Akaokota. Magoti yakakunjika, mkono ukaenda pajani, mgongo ubao. Peterson alimwona mamake kwenye kioo cha kamera, na kwa mara ya kwanza hakufurahi. Nyumbani lilikuwa jambo la watu wa nyumbani. Lakini hawa wa Nairobi hawakumjua mama yake. Wangetazama kompyuta yao na kusema, huyu mtoto ni kilema.

"Sasa ruka kamba."

Kamba yenyewe ilikuwa imelazwa tu kwenye nyasi. Wangare aliruka, akatua, na palepale akaporomoka kwa magoti na mikono, kisha akapeleka mkono mmoja mgongoni na kuanza kulia bila kutoa sauti. Peterson hakungoja hata kuzima kamera. Alikimbia akamwinua, akampangusa nyasi, akambembeleza maneno mawili matatu. Kisha akageuka kuutazama mlango wa darasa. Hapakuwa na mtu.

Hapo ndipo mikono yake ilipofanya kazi iliyoizoea. Sitasema alifikiri, kwa sababu hakufikiri. Alizima kamera, akamwambia mtoto wajaribu kwanza bila kurekodi. Akamwonyesha jinsi ya kuinama kama watoto wengine, akamwahidi biskuti, akamwambia kuwa akiuma meno kidogo tu haitauma sana. Walijaribu tena na tena. Mtoto alikuwa hodari na alimpenda babake. Peterson alirudisha mkanda nyuma, akarekodi juu ya ile ya kwanza, na Wangare akainama, akaokota mpira, akaruka kamba kwa miguu miwili, akatua wima, mikono juu, akicheka kwa kamera.

"Safi kabisa, Mami!"

Jioni hiyo, studio, alizihamisha picha kwenye kompyuta ya Ketan, akakata kila mtoto mahali pake, safi bila ukingo, akaziweka kwenye sidi za kupeleka Nairobi. Mikanda yenyewe akaitia kwenye katoni chini ya kaunta, mahali ilipokaa mikanda yote.

Majibu yalikuja mwezi wa tisa. Kutoka nasari ile watoto wawili waliitwa kwenda kuchunguzwa zaidi. Wangare hakuwa mmoja wao. Peterson alirudi nyumbani na kuku wa kuchomwa.

"Kompyuta imempitisha," alimwambia Wanjugu.

"Na huu mgongo?"

"Mama Wangare, kompyuta haina undugu na mtu. Ingekuwa kuna kitu ingeona."

Alilisema hilo kwa uso mkavu, na cha ajabu ni kwamba alikuwa anaanza kuliamini. Mtu akizoea kufuta hufika mahali hakumbuki kilichofutwa. Ile iliyobaki ndiyo inakuwa kweli. Kila Wanjugu alipofungua mdomo kuhusu mtoto, kwamba hali vizuri, kwamba anatoka jasho akilala, kwamba amekonda, Peterson alimjibu kwa kompyuta. Wanjugu alikuwa akishona nguo za watu kibarazani, hakuwa amesoma sana, na hakujua mtu hubishana vipi na kompyuta. Lakini hakuacha kumtazama mwanawe.

Mwezi wa kumi na moja alisikia Nasimiyu yuko mjini kuchukua sidi za mwisho. Hakumwambia mumewe. Alimvalisha Wangare sweta, akambeba mgongoni, mtoto wa umri ule, hadi studio, akamkuta fizio ameshaweka begi begani.

"Samahani, daktari. Huyu wangu analalamika mgongo kila siku. Na ananiogopesha."

Nasimiyu alitazama saa, lakini hakuwa mtu mbaya. Aliliweka begi chini, akafungua laptopu, akatafuta jina. Peterson alikuwa nyuma ya kaunta akifuta lenzi iliyokuwa safi.

"Wangare Muturi. Mama, alama zake ni nzuri sana. Zimeshinda za watoto wengi." Akamgeukia mtoto. "Hebu tembea nikuone, sweetie."

Wangare alimtazama babake. Alipoona mtu wa kompyuta anamwangalia na babake amesimama pale, alijua anachotakiwa kufanya. Aliuma meno, akanyoosha kichwa, akatembea kutoka kaunta hadi mlangoni, akageuka, akainua mikono juu na kutabasamu.

"Unaona?" Nasimiyu akasema. "Labda ni viatu, ama kitanda. Ikiendelea, umpeleke apigwe eksrei, sawa?"

Neno lilimfika Peterson kooni. Lilikuwa neno fupi tu. Daktari, nilimwambia arudie. Angelisema, na Ketan angelisikia, na Nasimiyu angeondoka akijua kwamba amepewa picha za uongo, na mradi mzima ungetiliwa shaka, na jina lake Rudia lingekuwa tusi. Alilimeza. Nasimiyu alimpa mkono, akamwambia wataonana Januari, mradi ukiendelea. Wanjugu alimbeba mtoto mgongoni tena na kurudi nyumbani, na njiani, kama alivyosimulia baadaye, aliona haya kwa kumsumbua daktari.

Disemba, akimwogesha mtoto kwenye karai, Wanjugu aliona kinundu katikati ya uti wa mgongo, kidogo kama kifundo cha kidole. Alimwita mumewe. Peterson alikitazama, akasema ni wembamba, mifupa inaonekana kwa kuwa mtoto hali. Lakini usiku huo hakula. Baada ya Krismasi mguu wa kushoto ukaanza kuburutika. Hapo hata yeye aliacha kutaja kompyuta. Walikubaliana kwamba baada ya uchaguzi, mambo yakitulia, wampeleke hospitali kubwa.

Yaliyofuata baada ya uchaguzi kila mtu anayajua. Mambo hayakutulia. Kwanza ilikuwa habari za kwingine, Eldoret, Molo, watu waliofukuzwa makwao wakifika showground, uwanja wa maonyesho, na magodoro kichwani. Kisha mwishoni mwa Januari ikawa Nakuru yenyewe. Moshi upande huu, mayowe upande ule, vijana barabarani na mapanga, amri ya kutotoka nje. Asubuhi moja katikati ya hayo yote Wangare aliita kutoka kitandani, akasema miguu yake imelala na haitaki kuamka. Alisema kwa utani, kwa ile sauti yake ya kikongwe.

Peterson alimpigia Nasimiyu. Mteja hapatikani. Alipiga tena na tena, mteja. Alienda hadi kona ya mtaa, akakutana na watu waliomuuliza jina lake na anakotoka, wapate kujua kabila lake, akarudi mbio. Wanjugu alikaa kitandani amempakata mtoto, akimfinya vidole vya miguu na kumuuliza kama anasikia. Kuna vingine alivisikia siku ya kwanza. Siku zilizofuata hakusikia kitu.

Barabara zilipofunguka walimfikisha hospitali ikiwa imejaa watu waliojeruhiwa kwa mishale na moto, hadi kwenye sakafu za koridoni. Daktari aliyewaona alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikipapasa kile kinundu, akaagiza picha, akaishika kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ni TB ya mfupa," alisema. "Imekula pingili mbili za uti wa mgongo, na sasa imefinya mishipa ya miguu. Hii haikuanza jana. Mtoto hakuwa anaonyesha kitu? Huwa hawataki kuinama. Wanaokota vitu hivi."

Na yule daktari, na koti lake jeupe na uchovu wake, akachuchumaa pale mbele yao, mgongo umenyooka, mkono mmoja juu ya paja, akaokota kalamu sakafuni na kujiinua kwa kulisukuma paja.

Wanjugu aliziba mdomo kwa leso. Peterson alikuwa akimtazama mama yake. Alimwona shambani Sachangwan, akiokota viazi, na kwa mara ya kwanza maishani akajiuliza mwanamke yule alikuwa na nini hasa mgongoni.

"Alikuwa anafanya hivyo," Wanjugu akasema. "Sisi tulikuwa tunacheka. Lakini daktari, walimpima na kompyuta. Walimrekodi, wakasema yuko sawa."

"Sijui waliona nini, mama. Angekuja wakati huo, tungekuwa na nafasi nzuri sana."

"Na sasa?"

"Dawa itaua ugonjwa. Atapona. Hiyo miguu siwezi kukuahidi."

Mwaka ukaenda. Dawa iliua ugonjwa kama alivyosema, Wangare akanenepa mashavu, akarudi kuimba na kuwatania wageni. Miguu ilibaki ilivyokuwa. Walimzungusha kwa wataalamu, wakaombewa na wachungaji, wakaambiwa wavumilie. Wanjugu alimbeba mgongoni kwenda chooni, kanisani, kibarazani. Alipata wa kulaumu, nako kulaumu kulimshika asianguke. Aliilaumu kompyuta. Kila jirani aliyekuja kuwapa pole alisimuliwa jinsi watu wa Nairobi walivyokuja na mashine yao ikawadanganya. "Kompyuta yao ndio ilituua," alisema. Peterson aliketi palepale, amekunja mikono, akitikisa kichwa kukubali. Mradi wenyewe haukurudi tena Nakuru, na hakukuwa na mtu wa kumbishia.

Mwezi wa nane Ketan alifunga studio. Biashara ilikuwa imekufa, nduguye alikuwa na duka Nairobi, na alisema amechoka kulala akisikiliza kama vyuma vya mlango vinavunjwa. Alimpa Peterson kamera kuukuu na ile katoni ya mikanda.

"Chukua. Arusi zote za Nakuru ziko humo. Mimi sina pahali ya kuweka."

Peterson angeitupa katoni hiyo njiani. Aliniambia hivyo mtu anayemjua. Lakini mikanda ya arusi ni ya watu, na yeye hakuwa mtu wa kutupa arusi za watu. Aliifikisha nyumbani Jumapili alasiri, akaiweka kando ya kabati, na Wangare akaiona kutoka kwenye mkeka wake.

"Dadi, ile tepu yangu ya kuruka iko hapo?"

Wanjugu alikuwa akipiga pasi. Aliacha pasi ikiwa imesimama.

"Iko?" aliuliza. "Baba Wangare, iko? Hata mimi sijawahi kuiona. Niwekee nimwone akiruka."

Angeweza kusema haipo. Lakini alijua ilivyo safi. Alikuwa ameirekodi mwenyewe juu ya ile nyingine. Ndani yake hamkuwa na kitu ila mtoto anayeruka vizuri. Na labda, masikini, hata yeye alitaka kumwona. Aliunganisha kamera na televisheni, akautafuta mkanda, akapeleka mbele hadi kwenye sketi ya bluu.

Wangare wa kwenye televisheni aliinama, akaokota mpira. Aliruka kamba kwa miguu miwili. Akatua, mikono juu, akicheka, na sauti ya babake ikasema, "Safi kabisa, Mami!" Wangare wa kwenye mkeka alipiga makofi. Wanjugu alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo, vidole vyake vikigusa ile miguu midogo.

Kisha picha ikakatika, mchirizi kama wa mvua ukapita, na picha nyingine ikaja.

Mpiga picha yeyote angekwambia. Ukirekodi kifupi juu ya kirefu, mkia wa kile cha kwanza hubaki. Pale uwanjani Peterson aliharakisha, akausogeza mkanda mbele kidogo kabla ya mtoto aliyefuata, na kule studio aliikata picha ya kompyuta, hakuugusa mkanda. Kwenye televisheni Wangare alikuwa kwenye nyasi kwa magoti na mikono, mkono mmoja umekwenda mgongoni, mdomo wazi, analia bila sauti. Miguu ya mwanamume ikaingia mbio. Mikono yenye saa ambayo Wanjugu mwenyewe ndiye aliyeinunua ikamwinua mtoto na kumpangusa, na sauti ikasikika wazi kabisa.

"Basi, basi. Hii nitafuta, Mami. Hakuna mtu ataona. Usiambie mtu, ata mathe. Utarudia kidogo."

Mchirizi ukapita tena. Akatokea mtoto wa mtu mwingine, anaokota mpira.

Pasi ilikuwa ikitoa mvuke. Peterson alikuwa amenyoosha mkono kuelekea kamera na mkono ukabaki hapo hapo hewani.

"Hapo ndio nilianguka ile ya kwanza," Wangare akamweleza mamake, kama anayemsaidia mtu aliyechelewa kuingia. Kisha akamgeukia babake, uso umejaa fahari. "Na sikuambia mtu, Dadi. Ata yule daktari wa kompyuta. Ata mathe."

Wanjugu hakumtazama mumewe. Alibaki amepiga magoti, macho kwenye kioo, ambako yule mtoto wa mtu mwingine alikuwa anasubiri kuambiwa aruke.

"Rudia," alisema.

Peterson alirudisha mkanda nyuma. Binti yake aliruka, akatua, akacheka, mvua ikapita, akaanguka.

"Rudia," Wanjugu akasema.